Gari Moshi la Matofali Madogo



Mwezi huu imetufikia barua ya mzazi mmoja ambaye jina lake tumelistiri kama alivyotaka. Asema kuwa anaye kijana wa kiume wa miaka 16, mwenye bidii ya skuli na asiyekosa darsa. Mjomba wake kijana huyo aliyeko ng'ambo alimletea sanduku la matofali madogo ya plastiki, yale ya kuchezea watoto, ambayo hupachikwa moja juu ya jingine. Tangu siku hiyo kijana ameshika kazi moja tu: ataka kuyajenga matofali hayo yawe gari moshi la zamani, lile lililokwenda kwa nguvu ya mvuke, tena litiwe mota ndani yake lipate kwenda lenyewe. Kila siku baada ya Alasiri huketi barazani na karatasi na rula, akipima na kufuta. Sasa ameomba apewe fedha anunue mota na gia. Mzee huyu atuuliza mambo matatu: Je, huu si mchezo wa watoto wadogo? Je, kutoa fedha hizo si israfu? Na je, amkataze kijana wake au amwache?

Tumeona ni vyema kumjibu kwa urefu, kwani vijana wa namna hii wako katika nyumba nyingi. Mmoja ana matofali ya ng'ambo, mwingine ana mabua ya mtama na vizibo vya chupa, walakini jambo lililowashika ni moja.

Jawabu letu kwa ufupi ni hili: asimkataze, wala asimpe fedha leo. Kwanza amtake maelezo. Ikiwa kijana aweza kumwambia baba yake ni kwa nini kila sehemu ya injini ile imewekwa pale ilipowekwa, basi kazi yake ni ilimu, na yastahiki kusaidiwa. Ikiwa hawezi, basi ingali ni mchezo, na mchezo hauna haja ya mota. Haya yafuatayo tumeyaandika ili mzazi ajue la kuuliza, na kijana ajue la kujibu.

ASILI YA MATOFALI HAYA

Matofali haya, yanayojulikana sana kwa jina la LEGO, asili yake ni kazi ya seremala. Katika mji mdogo wa Billund, nchi ya Denmark, alikuwako fundi wa mbao aitwaye Ole Kirk Christiansen. Mwaka 1932, katika ile dhiki ya biashara iliyouenea ulimwengu, watu walipokuwa hawana fedha za kujengesha, fundi huyu alianza kuchonga vitu vya kuchezea watoto. Baada ya miaka 2 akaipa kazi yake jina la LEGO, lililotokana na maneno mawili ya lugha yao yenye maana ya "cheza vyema." Baadaye wakaingia katika plastiki, na tarehe 28 Januari 1958 mwanawe, Godtfred Kirk Christiansen, akaandikisha haki ya tofali tulijualo leo, lenye vinundu juu na vibomba ndani yake vya kukamata vinundu vya tofali la chini.

Uzuri wa tofali hili uko katika vipimo vyake. Kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya kinundu cha pili ni milimeta 8. Kimo cha tofali ni milimeta 9.6, na kile kibao chembamba ni theluthi ya kimo hicho, yaani milimeta 3.2. Vipimo hivi havikubadilishwa, hata tofali la mwaka 1958 lingali lapachikana na la leo. Mwenye matofali 6 tu, kila moja la vinundu 8 na yote ya rangi moja, aweza kuyaunganisha kwa namna 915,103,765. Basi asidhani mtu kuwa kitu hiki ni kidogo kwa sababu chaingia katika kiganja cha mtoto.

Mwaka 1966 kampuni hiyo ilitoa gari la reli la kwanza lenye mota, likiendeshwa kwa betri za volti 4.5. Tangu hapo watu wazima wengi, wakiwamo mafundi na walimu, wamekuwa wakijenga kwa matofali haya mifano ya injini za nchi zao.

IJENGWE INJINI GANI?

Hapa ndipo tungependa kumshauri kijana. Aghalabu picha atakazoziona ni za injini za Ulaya na Marekani, naye atajenga ile ambayo babu zake hawakupata kuisikia mlio wake. Kwa nini asijenge ya kwetu? Afrika ya Mashariki ilikuwa na injini za mvuke zilizosifika ulimwenguni kote.

Reli katika nchi zetu ilianza Tanga mwaka 1893. Mwaka 1896 ikaanza ya Mombasa, ikafika Kisumu mwaka 1901. Ile ya Dar es Salaam ikaanza mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Zote hizo zilijengwa kwa upana wa meta 1 baina ya vyuma viwili, nao ni upana mdogo. Njia ilipita milimani kwa kona nyingi. Kutoka Mombasa iliyo usawa wa bahari, gari lilitakiwa kupanda hadi Nairobi, zaidi ya meta 1,600 juu ya bahari. Ilihitajiwa injini yenye nguvu kubwa, lakini injini kubwa ni nzito na ndefu: uzito huumiza reli, na urefu hukataa kona.

Aliyelifumbua fumbo hili ni Mwingereza aitwaye Herbert William Garratt. Rai yake ilikuwa kuigawa injini mafungu matatu. Mbele liwekwe fungu moja la magurudumu na silinda zake, nyuma liwekwe la pili, na baina yake litundikwe tangi la kuchemshia maji, likiegemea mafungu yote mawili kwa vitovu vinavyozunguka. Kwa hivyo uzito hugawanywa juu ya magurudumu mengi, na injini hujikunja katika kona. Injini za kwanza za namna hii zilitoka katika kiwanda cha Beyer, Peacock mjini Manchester mwaka 1909, zikapelekwa Tasmania.

Mwaka 1955 na 1956 kiwanda hicho hicho kilizitengenezea Reli na Bandari za Afrika ya Mashariki injini 34 zilizoitwa daraja la 59. Kila moja ilikuwa na urefu wa meta 31.7, na uzito wa tani zipatazo 250, na magurudumu 28, na ilichoma mafuta mazito badala ya makaa. Katika reli zote za upana wa meta 1 ulimwenguni, haikupata kuwako injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda. Nazo zilipewa majina ya milima ya nchi zetu. Kufika mwaka 1980 zilikuwa zimekwisha ondolewa kazini, lakini mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi yaliyofunguliwa mwaka 1971. Nambari 5918 yaitwa Mount Gelai, na nambari 5930 yaitwa Mount Shengena. Gelai ni mlima ulio karibu na Ziwa Natron, na Shengena ni kilele cha milima ya Upare. Yote miwili imo katika Tanzania.

Sisi watu wa Kusini tuna sababu yetu ya kutaka kijana ajenge injini ya mvuke. Kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, pamoja na tawi la Masasi, ilikuwako reli iliyoletwa na ule mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947. Mpango wenyewe ulivunjwa mwaka 1951 kwa hasara kubwa, na reli nayo ikafungwa mwaka 1962, kisha vyuma vyake vikang'olewa. Haikuwahi kufika Tunduru wala Songea. Hivi leo kijana wa Nalasi atakaye kuona gari la reli hana budi kwenda hadi Songea, kisha apande mpaka Makambako inakopita reli ya TAZARA, au ashuke Dar es Salaam inakoanzia ile reli mpya ya umeme iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024. Kitu kikiisha kung'olewa katika ardhi, hubaki katika vichwa vya watu, na vichwa navyo hufa. Mfano wa kuchezea, ukijengwa kwa kipimo sahihi, ni kumbukumbu ambayo mtoto aweza kuishika kwa mkono.

VIPIMO: UKWELI UPI UACHWE?

Sasa tuje katika kazi yenyewe. Swali la kwanza ni hili: tutaipunguza injini mara ngapi?

Reli za matofali haya zina upana wa milimeta 37 na nusu hivi. Kijana akisema, "Nitafuata upana wa reli," basi meta 1 imekuwa milimeta 37.5, yaani amepunguza kiasi cha mara 27. Injini yake itakuwa na urefu wa meta 1.2. Hiyo ni meza nzima, na sanduku la mjomba halitatosha.

Akisema, "Nitapunguza mara 48," injini itakuwa na urefu wa sentimeta 66, sawa na vinundu 82 au 83. Mwili wenye upana wa vinundu 8 utawakilisha upana wa meta 3 na kidogo. Gurudumu kubwa, ambalo kwa kweli lina kipenyo cha meta 1.37, litakuwa na milimeta 28 au 29. Yote hayo yaendana. Lakini reli ile ile ya milimeta 37.5, ikizidishwa mara 48, inakuwa na upana wa meta 1.8. Reli ya upana huo haiko Afrika ya Mashariki nzima, kwani hata ile mpya ya umeme ina meta 1 na milimeta 435 tu.

Basi kijana hana budi kuacha ukweli mmoja ili aushike mwingine. Sisi tungechagua mara 48, mwili uwe sahihi na reli iwe pana kuliko ilivyokuwa. Mwingine atachagua vingine. Jambo la lazima ni kuwa ajue amechagua nini, na aliandike katika daftari lake. Mwenye kupunguza bila ya hesabu atatoa kitu chenye moshi na magurudumu kisichofanana na chochote kilichopata kwenda juu ya ardhi.

KONA

Kona ya kawaida ya reli hizi ni kali mno. Kutoka katikati ya duara hadi katikati ya njia ni milimeta 320, yaani vinundu 40, na vipande 16 hufanya duara kamili. Injini ndefu iliyojengwa mwili mmoja haitapita hapo. Ndiyo maana daraja la 59 lafaa sana kwa mjenzi wa matofali: hila ile ile iliyoipitisha injini katika kona za Mombasa na Nairobi ndiyo itakayoipitisha juu ya meza.

Kila fungu, la mbele na la nyuma, lina magurudumu makubwa 8, yaani jozi 4, pamoja na magurudumu madogo ya kuongoza. Magurudumu 8 yaliyofungwa pamoja nayo ni marefu kwa kona kali. Dawa yake ni kutumia katika jozi za kati magurudumu yasiyo na ule ukingo wa ndani unaokamata chuma cha reli, ili yapate kuteleza kidogo pembeni. Hii si hila ya wachezaji tu, kwani mafundi wa reli za kweli waliitumia vile vile katika injini nyingi. Kabla hajapachika tofali hata moja, kijana akate vipande vitatu vya karatasi ngumu kwa vipimo vyake, avitie pini mahali pa vitovu, avipitishe juu ya reli ya kona. Ataona jinsi tangi la katikati linavyoingia upande wa ndani wa kona, na atajua ni kiasi gani aache nafasi lisigusane na jengo la pembeni.

MOTA, GIA NA UZITO

Mota ndogo ya umeme huzunguka upesi lakini haina nguvu. Ikifungwa moja kwa moja na gurudumu, gari litaruka kama panzi au halitaondoka kabisa. Hapo ndipo gia huingia. Gia ya meno 8 ikizungusha gia ya meno 24, ile kubwa huzunguka mara 1 kila ile ndogo izungukapo mara 3. Mwendo umepungua mara 3, na nguvu ya kuzungusha imeongezeka karibu mara 3, ukitoa kidogo kinachopotea katika msuguano. Hakuna kinachopatikana bure: umetoa mwendo, umenunua nguvu.

Kwa kuwa mafungu ni mawili, ni bora kila moja lipewe mota yake. Walakini kijana aangalie sana, kwani mafungu haya yameelekeana kama mtu na kivuli chake katika kioo. Asipogeuza nyaya za mota moja, fungu la mbele litataka kwenda Mtwara na la nyuma litataka kwenda Nachingwea, na gari litatetemeka pale pale.

Tena kuna uzito. Gurudumu halivuti kwa kuzunguka tu, huvuta kwa kukamata reli. Injini nyepesi ikipewa mabehewa mazito, magurudumu yake yatazunguka bure. Kwa hivyo betri, ambazo ndizo nzito, ziwekwe karibu na magurudumu yanayoendeshwa, na baadhi ya magurudumu yavishwe pete za mpira. Injini za kweli nazo zilikuwa na shida hii, hususan mvua ikinyesha au njia ikipanda. Dawa yao ilikuwa mchanga: kisanduku cha mchanga mkavu kiliwekwa juu ya injini, na dereva aliumwaga kwa bomba mbele ya magurudumu.

NINI CHAMSUKUMA NINI?

Tumefika katika jambo ambalo twaliona ndilo kubwa kuliko yote, na ambalo wengi wenye kujenga hawalifikirii.

Katika injini ya mvuke, moto huchemsha maji ndani ya tangi. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 kuliko ile yaliyokuwa nayo, ndiyo maana kifuniko cha sufuria huruka jikoni. Mvuke huo hufungiwa, kisha huongozwa katika silinda, ukaisukuma pistoni mbele na nyuma. Pistoni huvuta mkono wa chuma, na mkono huo hulizungusha gurudumu, nao umefungwa mbali kidogo na kitovu chake, kama mpini wa jiwe la kusagia la mviringo. Basi katika injini ya kweli, mkono wa chuma ndio mwendeshaji na gurudumu ndilo mwendeshwa.

Katika gari la matofali mambo yamegeuzwa. Mota hulizungusha gurudumu kwa gia, na gurudumu ndilo linaloubeba mkono, na mkono ndio unaoisukuma pistoni ndani ya silinda isiyo na kitu. Mwenye kutazama kwa mbali haoni tofauti yoyote. Mikono yapanda na kushuka, pistoni yaingia na kutoka, kila kitu kiko mahali pake, ila sababu imekuwa tokeo na tokeo limekuwa sababu.

Hatusemi kuwa hili ni kosa la mjenzi. Hakuna awezaye kutia moto katika plastiki. Lakini kijana aliyejenga gari hili, asipolijua jambo hili, amejifunza uongo kwa mikono yake mwenyewe, na kilichojifunzwa kwa mikono ni kigumu kukisahau. Na akilijua, basi amejua zaidi ya wengi walioipanda treni ya kweli.

Na kuna jaribio la kumpima. Atazame magurudumu ya upande wa kulia na ya kushoto ya injini ya kweli katika picha. Ataona kuwa mkono wa kulia ukiwa juu kabisa, wa kushoto hauko juu wala chini: uko katikati, robo ya mzunguko nyuma au mbele. Kwa nini? Kwa sababu pistoni ikifika mwisho wa mwendo wake, mkono hunyooka sawa na kitovu cha gurudumu, na hapo kusukuma hakuleti mzunguko wowote. Lau pande zote mbili zingefika mwisho pamoja, injini ingesimama kituoni isiweze kuondoka tena. Kwa kuachana robo, upande mmoja ukiwa hauna nguvu, wa pili ndipo una nguvu zake zote. Na katika gari la matofali, ikiwa jozi moja tu imefungwa na mota na nyingine zavutwa kwa mikono, sheria hii hii ni lazima, la sivyo jozi zile zaweza kukwama au kuzunguka kinyume. Hapa mchezo na kweli vimekutana.

ASIYE NA MATOFALI

Huenda msomaji akasema, "Haya ni ya watu wenye wajomba ng'ambo." La, si hivyo. Matofali haya ni ghali, na hatumshauri mzazi yeyote auze korosho zake ayanunue. Watoto wetu tangu zamani wamejenga magari kwa mabua, kwa makopo, na kwa magurudumu yaliyokatwa katika ndala zilizochakaa. Mota ndogo imo ndani ya redio ya kaseti iliyokwisha kufa. Mahali pa gia patatosha makapi mawili na mpira: kapi dogo la sentimeta 1 likivuta kapi kubwa la sentimeta 3, hesabu ni ile ile ya meno 8 na 24. Kitovu chaweza kuwa msumari. Robo ya mzunguko hupimwa kwa pembe ya daftari. Kilichobadilika ni mali tu, ilimu haikubadilika.

Naye aliye na kompyuta, au skuli yake inayo, aweza kujenga yote juu ya kioo kabla hajanunua kitu. Programu ya LDraw, iliyoanzishwa na James Jessiman mwaka 1995, hutolewa bure, na humwezesha mtu kupachika matofali ya picha, kuyahesabu, na kujua yapi yamepungua. Hivyo atanunua yale tu anayoyahitaji.

KWA WAZAZI

Turudi katika maswali tuliyoulizwa. Kuhusu utoto: aliyezichora injini za daraja la 59 kule Manchester alianza na karatasi na rula. Miaka 16 si mingi kwa kazi hiyo wala si michache. Na wale wenye kuhofia sanamu wajue kuwa gari halina roho, na wanavyuoni wameruhusu mfano wa kisicho na roho.

Kuhusu israfu: kipimo chake ni manufaa na uwezo wa nyumba. Fedha ya ada, ya chakula na ya dawa isiguswe. Mota inunuliwe moja kwanza, ijaribiwe katika fungu moja la magurudumu, na ya pili isubiri mpaka la kwanza lende. Kazi hii isile wakati wa Sala, wala wa darsa, wala wa shamba. Kijana akivunja masharti haya, sanduku lifungwe kwa wiki moja, lisichomwe moto.

Tena tusiwasahau mabinti. Binti akiomba gia, apewe masharti yale yale na maswali yale yale.

Basi mzazi, kabla hujatoa shilingi, mwite mwanao umwulize haya matano:

1. Umeipunguza injini mara ngapi, na ni ukweli upi ulioacha kwa ajili hiyo?

2. Kwa nini injini hii imegawanywa mafungu matatu?

3. Ukitoka meno 8 kwenda meno 24, umepoteza nini na umepata nini?

4. Kwa nini mkono wa kulia na wa kushoto huachana robo ya mzunguko?

5. Katika injini ya kweli nini chamsukuma nini, na katika yako nini chamsukuma nini?

Huna haja ya kuwa fundi ili umsikilize. Mtoto asiyejua hujulikana haraka, kwani maneno yake huzunguka bure kama gurudumu lisilokamata reli. Na ajuaye atachukua karatasi akuchoree, na huenda usiku ukaingia nanyi mngali barazani. Saa hiyo moja ya baba na mwana ina thamani kuliko mota.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu akili zenye kuuliza na mikono yenye kutenda, nasi wazazi na walimu atujaalie subira ya kuwasikiliza. Amin.